Kuzuia programu za kuchati kwenye mtandao wa pamoja: mwongozo wa msimamizi

Umekabidhiwa mtandao unaotumiwa na watu wengi, wa shule, ofisi, maktaba au hosteli, na umeambiwa WhatsApp na wenzake wazuiwe. Kazi hiyo inawezekana. Ila haimaliziki kwa kubonyeza kitufe kimoja, na ukiifanya kwa pupa utazima hata vitu ambavyo hukuagizwa kuvizima: arifa za barua pepe, misimbo ya kuingilia benki, mazungumzo ya kazi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: zuio zuri ni dogo. Linagusa watu fulani, kwa saa fulani, na wanaoguswa wana habari nalo. Zuio la watu wote, siku nzima, huzaa wakwepaji wengi kuliko watiifu, na wewe ndiye utakayekesha ukiwakimbiza.

Nachukulia kwamba mtandao ni wako au umepewa mamlaka rasmi ya kuusimamia, na kwamba unaweza kuingia kwenye mipangilio ya ruta. Kama huna hayo mawili, zungumza kwanza na mwenye mtandao.

Hatua ya 1: Uliza tatizo hasa ni lipi

Anayeomba zuio mara nyingi hataji ugonjwa, anataja dawa. Mrudishe kwenye ugonjwa.

Akisema intaneti ni ya polepole kwa sababu watu wanachati, fahamu kwamba maneno yanayochatiwa hayamalizi kasi ya mtu. Ujumbe wa maandishi ni mdogo mno. Kinachokula kasi ni video zinazorushwa kwenye vikundi, simu za video, na nakala rudufu za picha zinazopanda kimyakimya. Hapo weka kikomo cha kasi kwa kila kifaa badala ya kuzuia. Kwenye ruta za MikroTik sehemu hiyo inaitwa Queues. Kwenye OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta, kuna SQM, ambayo hugawa kasi ili mmoja asiwamalizie wengine. Ruta nyingine huwa na kitu kama hicho kwa jina lake.

Ipo pia njia ya katikati ambayo wasimamizi wengi hawaijui, na mimi naipenda kuliko zote. WhatsApp haitumii mlango mmoja kwa maneno na kwa mafaili. Picha, video, nyaraka na sauti zilizorekodiwa hupita kwenye mmg.whatsapp.net na kwenye vikoa (majina ya seva za intaneti) vinavyoanza na "media" na kuishia na cdn.whatsapp.net. Ukizuia hivyo pekee, maandishi yanaendelea kupita na mafaili mazito yanabaki kwenye duara linalozunguka. Mwenye mgonjwa nyumbani bado atasoma habari zake, na kasi ya ofisi itarudi.

Akisema wanafunzi hawasikilizi darasani, zuio linafaa, lakini kwenye mtandao wa wanafunzi na kwa saa za vipindi. Akisema anaogopa mafaili yenye virusi yanayoingia kupitia kuchati kwenye kompyuta za kazi, usianzie kwenye ruta. Iondoe programu kwenye kompyuta zenyewe na uondoe ruhusa ya mtumiaji kusakinisha. Laptopu ikitoka nje ya jengo, zuio la ruta haliifuati.

Andika majibu kwenye karatasi moja: nani anazuiwa, programu zipi, saa ngapi, na nani hazuiwi. Kila hatua inayofuata inaitegemea karatasi hiyo.

Hatua ya 2: Elewa programu hizi zinavyotoka nje

Maelekezo mengi ya zamani yatakuambia ufunge poti, yaani milango yenye namba ambayo mawasiliano hupitia, 1863, 5050 na 5190. Hizo zilikuwa za MSN Messenger, Yahoo Messenger na AIM. Yahoo Messenger ilifungwa mwaka 2018 na AIM mwaka 2017, MSN ilitangulia. Kuzifunga leo hakumzuii mtu yeyote.

Programu za leo hufanya hivi. Simu inauliza DNS, huduma inayogeuza jina la seva kuwa anwani yake ya namba (IP): anwani ya seva hii ni ipi? DNS inajibu, simu inaunganisha, na mara nyingi inatumia poti 443, ileile inayotumiwa na tovuti zote salama. WhatsApp hupenda pia poti 5222, na ikifungiwa hiyo inahamia 443 bila mtumiaji kuhisi chochote. Ndiyo maana kuzuia kwa poti peke yake hakufiki mbali: poti 443 huwezi kuifunga bila kufunga intaneti nzima.

Telegram ni ya aina yake. Imebeba ndani yake anwani za IP za vituo vyake vya data, kwa hiyo inaweza kuunganika bila kuuliza DNS kabisa. Utazuia telegram.org, tovuti itakataa kufunguka, wewe utaridhika, na watu watakuwa wanachati kama kawaida.

Signal iko upande mwingine. Huduma zake zinaendeshwa kwenye seva za kukodi za kampuni kubwa, na anwani zake za IP zimechanganyika na za maelfu ya tovuti zisizohusika. Hiyo huizuii kwa IP, unaizuia kwa jina.

Kwa hiyo silaha zako kuu ni mbili: DNS kwa programu nyingi, na orodha ya anwani za IP kwa Telegram. Mengine yote ni kuziba mianya.

Hatua ya 3: Tenga watu kabla ya kuzuia

Usizuie kwa kufuata simu moja moja. Zamani ungeandika anwani ya MAC ya kila simu, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao, na kuiwekea kanuni yake. Tangu Android 10 na iOS 14, simu kwa kawaida hujiundia anwani ya MAC ya kubuni kwa kila mtandao wa Wi-Fi, na mtumiaji anaweza kuibadilisha atakapo. Orodha yako itachakaa haraka sana.

Fungua badala yake mitandao miwili au mitatu yenye majina tofauti ya Wi-Fi: mmoja wa wanafunzi au wageni, mmoja wa wafanyakazi, na mmoja wa mashine za kazi kama printa na mifumo ya malipo. Kila mmoja upe VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya ruta ileile) na safu yake ya anwani, kwa mfano 192.168.10.0/24 kwa wafanyakazi na 192.168.20.0/24 kwa wanafunzi. Kuanzia hapo kanuni yoyote unaielekeza kwa safu nzima. Nenosiri la Wi-Fi ya wafanyakazi lisipokaa siri kazi hii yote inapotea bure, kwa hiyo kama ruta yako inaweza, mpe kila mfanyakazi jina na nenosiri lake mwenyewe.

Ruta ndogo ya nyumbani isiyo na VLAN huwa angalau na mtandao wa wageni. Utumie huo kwa wanaozuiwa, ila hakikisha kwanza kwamba unaweza kuupa DNS tofauti.

Hatua ya 4: Zuia majina kwenye DNS

Hapa ndipo zuio lenyewe linapokaa, na ndipo nashauri utumie muda mwingi zaidi.

Kama huna uzoefu, sakinisha AdGuard Home, programu ya bure inayojibu na kuchuja maswali ya DNS, kwenye kompyuta ndogo inayokaa imewashwa muda wote. Ndani yake kuna ukurasa wa huduma za kuzuia: unaweka alama kwenye WhatsApp, Telegram, Signal, Discord na nyinginezo, na orodha za vikoa inazijua yenyewe. Inakuruhusu pia kuweka masharti tofauti kwa vifaa au safu tofauti za anwani, na ratiba ya saa za kusimamisha zuio. Pi-hole inafanya kazi hiyo hiyo kwa vikundi, ila vikoa utaviandika mwenyewe.

Ukitaka kuifanya ndani ya ruta yenye dnsmasq (programu ya DNS iliyomo ndani ya ruta), kama OpenWrt, mistari ni hii:

address=/whatsapp.net/
address=/whatsapp.com/
address=/wa.me/
address=/signal.org/
address=/telegram.org/
address=/t.me/

Mkwaju (/) wa mwisho usiofuatiwa na anwani maana yake ni "jibu kwamba jina hili halipo", na jibu hilo linahusu pia majina yote madogo yaliyo chini yake. Kwenye MikroTik yenye RouterOS 7, mstari unaolingana na huo ni:

/ip dns static add name=whatsapp.net match-subdomain=yes type=NXDOMAIN

Angalia jambo moja: mistari hii humgusa kila anayeiuliza ruta hiyo, wafanyakazi na wanafunzi kwa pamoja. Ukitaka kutenga, weka kichujio (AdGuard Home au Pi-hole) kwenye mashine yake ya pembeni, kisha kwenye DHCP, sehemu ya ruta inayogawa anwani kwa vifaa, ya mtandao wa wanafunzi taja anwani ya mashine hiyo kuwa DNS, na wafanyakazi uwaachie DNS ya kawaida.

Usisahau whatsapp.net. Watu huzuia whatsapp.com, wanaona tovuti imegoma, wanadhani wamemaliza. Programu ya kwenye simu huongea zaidi na majina yaliyo chini ya whatsapp.net.

Messenger inataka mkono mwepesi. Inashirikiana majina na Facebook, na ukizuia facebook.com nzima umezuia na Facebook yenyewe. Kama hukuagizwa hivyo, anza na messenger.com, edge-mqtt.facebook.com na mqtt-mini.facebook.com, kisha upime. Kuchati ndani ya Instagram sikushauri ukuhangaikie. Ama uzuie Instagram yote kwa saa hizo, ama uiache.

Njia bora ya kupata majina mapya ni kutazama mwenyewe. Chukua simu moja, funga programu nyingine zote, fungua ukurasa wa maombi ya DNS (Query Log) wa AdGuard Home au Pi-hole, uchuje kwa anwani ya simu hiyo, halafu fungua programu unayotaka kuizuia na utume ujumbe mmoja. Majina yatajipanga mbele yako, na yatakuwa ya kweli kuliko orodha yoyote utakayonakili mahali.

Hatua ya 5: Ziba njia za kuikwepa DNS yako

Mtumiaji akiandika 8.8.8.8, DNS ya Google, kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya simu yake, kichujio chako hakitamwona tena. Kwa hiyo maswali yote ya DNS yanayotoka kwenye safu ya wanaozuiwa yageuze yarudi kwako, hata kama yameandikiwa mtu mwingine. Kama kichujio kiko ndani ya MikroTik yenyewe:

/ip firewall nat add chain=dstnat src-address=192.168.20.0/24 protocol=udp dst-port=53 action=redirect
/ip firewall nat add chain=dstnat src-address=192.168.20.0/24 protocol=tcp dst-port=53 action=redirect

Kama kichujio ni mashine ya pembeni, tumia dst-nat (kanuni inayobadilisha anwani ya mwisho wa safari) kuelekea anwani yake, na uiweke mashine hiyo kwenye safu nyingine ya anwani. Ikikaa safu moja na simu, itaijibu simu moja kwa moja bila kupitia ruta, na simu italikataa jibu kwa sababu linatoka kwa asiyeulizwa. Na hakikisha maswali ya kichujio chenyewe kwenda nje hayanaswi na kanuni hiyo hiyo, la sivyo yatazunguka bila kufika.

Ruta inayojibu DNS isijibu watu wa intaneti ya nje. Funga poti 53 upande wa nje. Ukiiacha wazi, walaghai wataitumia kushambulia wengine.

Kisha kuna DNS iliyosimbwa. Ipo inayotumia poti 853, na hiyo unaifunga tu. Android tangu toleo la 9 ina kipengele cha DNS ya faragha. Kikiwa kwenye hali ya kujiendesha, simu ikikuta 853 imefungwa inarudi kwenye DNS ya kawaida bila kelele. Lakini kama mwenye simu ameandika jina la seva kwa mkono wake, simu itamwambia hakuna intaneti. Atakujia akilalamika, nawe utajua cha kumwambia.

Ngumu zaidi ni DNS inayopita poti 443 pamoja na tovuti. Kwa Firefox, fanya jina use-application-dns.net lijibiwe kwamba halipo, na Firefox iliyo kwenye hali yake ya kawaida itaacha kutumia njia hiyo. Kwa simu na kompyuta za Apple, fanya hivyo hivyo kwa mask.icloud.com na mask-h2.icloud.com, huo ndio utaratibu ambao Apple wenyewe wameuweka kwa mitandao isiyotaka iCloud Private Relay, huduma ya Apple inayopitisha mawasiliano ya mtumiaji kwenye seva nyingine ili kuyaficha. Ongeza kanuni ya kukataa poti 443 kwenda kwenye anwani zinazojulikana za DNS kama 8.8.8.8, 8.8.4.4, 1.1.1.1, 1.0.0.1 na 9.9.9.9, kwa TCP na kwa UDP, namna mbili za kusafirisha data. Zipo nyingine, na hutazimaliza. Ukifunga za wakubwa, umewafikia watu wengi ambao hata hawajui simu zao zinazitumia.

Kagua IPv6, mfumo mpya wa anwani unaotumika sambamba na IPv4 ya zamani. Nimeona mitandao iliyofungwa vizuri upande wa IPv4 huku IPv6 ikiwa wazi kabisa, na simu huipenda IPv6 ikiipata. Kama hujui kuiwekea kanuni zinazolingana, izime kwenye mtandao wa wanaozuiwa mpaka utakapojua.

Hatua ya 6: Telegram kwa anwani za IP

Telegram wenyewe wanachapisha safu zao za anwani kwenye core.telegram.org/resources/cidr.txt. Kubwa miongoni mwake ni 149.154.160.0/20, kisha 91.108.4.0/22, 91.108.8.0/22, 91.108.12.0/22, 91.108.16.0/22, 91.108.20.0/22 na 91.108.56.0/22, pamoja na 91.105.192.0/23 na 185.76.151.0/24. Za IPv6 ziko humo pia. Zipakue zote, zipe jina moja la orodha, kisha kanuni moja:

/ip firewall filter add chain=forward src-address=192.168.20.0/24 dst-address-list=telegram protocol=tcp action=reject reject-with=tcp-reset

Ongeza ya pili ya UDP kwa ajili ya simu za sauti. Nimetumia reject badala ya drop kwa makusudi. Pakiti zikitupwa kimya, programu inasubiri, inajaribu tena na tena, na betri ya mtu inaisha. Ikikataliwa waziwazi, inajua mara moja na inatulia.

Usivutiwe kufanya hivi kwa programu nyingine. Aprili 2018 mamlaka ya mawasiliano ya Urusi, Roskomnadzor, iliamua kuizima Telegram kwa IP. Telegram ikahamia kwenye seva za kukodi za Amazon na Google, nao wakafunga mamilioni ya anwani za kampuni hizo. Huduma nyingi zisizohusika zikaanguka, Telegram ikaendelea kupatikana, na Juni 2020 zuio likaondolewa. Kama dola yenye nguvu zote zile iliishia hapo, wewe na ruta yako msianze kufunga anwani za Amazon kwa ajili ya Signal.

Hatua ya 7: Poti za kufunga na poti za kuziacha

Poti 5222 ya TCP unaweza kuifunga kwenye mtandao wa wanaozuiwa. Inasaidia kidogo na hudhuru mara chache, isipokuwa kama shirika lenu lina mfumo wake wa kuchati wa XMPP.

Poti 5223 na poti 5228 hadi 5230 ziache kabisa. Utazikuta kwenye orodha nyingi za "poti za WhatsApp", na anayezifunga anaharibu kitu kingine. 5223 ndiyo inayotumiwa na vifaa vya Apple kupokea arifa za kila programu, na 5228 hadi 5230 ndizo za arifa za Android kupitia Google. Ukizifunga, arifa za barua pepe, kalenda na benki zitachelewa au zitapotea, na hakuna atakayehusisha tatizo hilo na zuio lako. Watasema tu kwamba mtandao huu ni mbovu.

UDP 3478 hutumiwa na simu za sauti na video za programu nyingi, zikiwemo Teams na mikutano mingine ya kazi. Kwa wanafunzi au wageni unaweza kuifunga. Kwa wafanyakazi, iache.

Jambo moja kuhusu wanaotegemea tls-host ya MikroTik au vichujio vinavyosoma jina la tovuti mwanzoni mwa muunganisho: mazungumzo ya WhatsApp hayatumii TLS ya kawaida (usimbaji unaotumiwa na tovuti salama), yanatumia itifaki iitwayo Noise, kwa hiyo hakuna jina la kusoma hapo. Kichujio cha namna hiyo kitanasa picha na video, maandishi yatapita. Kwa njia ya katikati niliyoitaja kwenye hatua ya 1, hilo ni jambo zuri.

Hatua ya 8: Kata miunganisho iliyopo, kisha pima

Umeweka kanuni zote, umechukua simu yako, na WhatsApp inafanya kazi. Usianze kubomoa. Simu ilikuwa imeshaunganishwa kabla ya zuio, na muunganisho uliofunguliwa hauulizi DNS tena. Isitoshe, simu huhifadhi majibu ya DNS kwa muda. Futa miunganisho yote kwenye ruta, au izime na kuiwasha, kisha zima Wi-Fi ya simu na uiwashe upya. Kwenye MikroTik yenye FastTrack, njia ya mkato ya kuharakisha miunganisho, hili ni la lazima, maana muunganisho ulioingia humo haupitii tena kanuni zako.

Sasa pima kwa utaratibu. Zima data ya simu kwanza, la sivyo utakuwa unapima mtandao wa kampuni ya simu. Tuma ujumbe wa WhatsApp na utazame alama iliyo chini yake. Alama ya saa maana yake ujumbe haujatoka kwenye simu: zuio linafanya kazi. Tiki moja ya kijivu maana yake umeshafika kwenye seva: zuio limevuja, hata kama aliyetumiwa hajaupata. Wengi huona tiki moja wakadhani wamefaulu.

Rudia kwa Telegram, kwa web.whatsapp.com na web.telegram.org kwenye kompyuta, na kwa simu ya sauti. Tumia angalau simu moja ya Android na moja ya iPhone.

Halafu pima upande wa pili, ambao ndio unaosahaulika: vitu visivyopaswa kuguswa. Barua pepe inaingia? Arifa zinafika simu ikiwa imefungwa kioo? Programu za benki zinafunguka? Mkutano wa video wa kazi unaunganika kutoka mtandao wa wafanyakazi? Programu za simu zinajisasisha? Chochote kikikataa, rudi kwenye ukurasa wa maombi ya DNS na utafute jina lililozuiwa kimakosa.

Hatua ya 9: Ratiba na wasamehewa

Zuio la saa za masomo au za kazi huvumilika kuliko la siku nzima. Kwenye AdGuard Home tumia ratiba iliyomo. Kwenye MikroTik kanuni ya fayawoli hupokea saa na siku, ila mambo mawili yaangaliwe. Saa ya ruta iwe inajirekebisha kwa NTP (huduma ya intaneti inayotoa saa sahihi), kwa kuwa ruta nyingi ndogo hazina betri ya saa, na umeme ukikatika huamka na tarehe ya zamani. Pia muda wa zuio ukianza, miunganisho iliyofunguka kabla haikatiki yenyewe, kwa hiyo panga amri ya kuifuta dakika hiyo hiyo.

Wasamehewa wawe wachache na wawe wameandikwa. Yupo anayepokea oda za wateja kwa WhatsApp Business. Yupo kiziwi anayewasiliana kwa simu ya video ya lugha ya alama. Yupo mwenye mtoto mgonjwa. Watu hawa uwahamishie kwenye mtandao usiozuiwa, usitoboe matundu kwenye uliozuiwa. Na kama shule au ofisi yako hutoa taarifa za dharura kwa kikundi cha WhatsApp, tafuta kwanza njia nyingine ya kuzitoa, ijaribiwe na ifanye kazi, ndipo uzuie.

Hatua ya 10: VPN na wakwepaji

VPN, programu zinazopitisha mawasiliano yote kwenye njia iliyofichwa, watazitumia. Unaweza kufunga zile zinazotumia poti zake za kawaida: UDP 1194 ya OpenVPN, UDP 51820 ya WireGuard, UDP 500 na 4500 za IPsec, TCP 1723 ya PPTP. Kabla ya hapo, hakikisha hakuna mfanyakazi anayehitaji VPN ya kazi kwenye mtandao huo huo. VPN za bure zinazojificha ndani ya poti 443 hutazifikia kwa ruta ya kawaida, wala proksi, yaani seva za watu wengine zinazopokea mawasiliano na kuyapeleka mbele: WhatsApp ina sehemu ya kuweka proksi tangu Januari 2023, na Telegram na Signal nazo zina za kwao.

Ushauri wangu ni kuishia kwenye poti hizo. Kufukuza VPN moja moja hakuna mwisho, na kuna hatari halisi ndani yake: kadiri unavyobana zaidi, ndivyo vijana wanavyopakua VPN za bure zisizojulikana zinazoona kila kitu wanachofanya. Tena mwenye bando lake atazima Wi-Fi na kuchati kwa data yake, na hilo liko nje ya mamlaka ya ruta. Darasani, simu iliyokaa kwenye begi kwa kanuni ya mwalimu inazuia kuliko fayawoli yoyote.

Hatua ya 11: Waambie watu, na usisome yao

Bandika tangazo fupi: programu zipi zimezuiwa, mtandao upi, saa zipi, kwa nini, na nani wa kumwona mwenye shida. Tangazo hilo hupunguza malalamiko zaidi ya ufundi wowote, kwa sababu mtu aliyeambiwa hahangaiki kudhani simu yake imeharibika.

Kuzuia ni kitu kimoja, kupeleleza ni kingine. Usisakinishe vyeti vya kidijitali kwenye simu za watu binafsi ili kufungua mawasiliano yao. WhatsApp na Signal zimesimbwa mwisho hadi mwisho, kwa hiyo hata ukifanya hivyo hutasoma ujumbe. Utakachopata ni uwezo wa kuchungulia mambo yao mengine yasiyokuhusu. Kumbukumbu za maombi ya DNS nazo ni siri za watu: zinaonyesha nani alitembelea nini na saa ngapi. AdGuard Home na Pi-hole zote zinakuruhusu kupunguza muda wa kuzihifadhi au kuficha anwani za vifaa. Punguza hadi kiasi unachohitaji kutatua matatizo, na nenosiri la ukurasa huo lisizagae.

Hatua ya 12: Matunzo

Pakua upya orodha ya Telegram mara kwa mara, au panga ruta iipakue yenyewe. Sasisha AdGuard Home, kwa maana orodha za huduma husasishwa pamoja nayo. Rudia vipimo vya hatua ya 8 kila muhula au kila baada ya sasisho kubwa la Android au iOS, kwa kuwa mabadiliko ya DNS kwenye simu huingia hivyo, bila tangazo.

Mwisho, kanuni zote za zuio zipe maelezo yanayoanza na neno moja, kwa mfano "ZUIO", na mwoneshe mtu mwingine mmoja wa kuaminika jinsi ya kuzizima zote kwa pamoja. Siku ikitokea dharura na wewe uko safarini, asiwepo wa kutafuta nenosiri la ruta wakati watu wanatafutana.